Giaboksi Iliyolishwa Pumba

Harufu ya mafuta ya gia haifanani na ya mafuta ya taa wala ya dizeli. Ni nzito, inakaa kooni, inanuka kama yai bovu lililochomwa pamoja na kipande cha mpira. Juzi mwanangu Lemayian aliingia jikoni kwangu nayo. Mikono yake ilikuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba, na kabla hajafungua mdomo nilishajua ni giaboksi. Nikaweka sufuria chini. Hasira iliyonipanda haikuwa ya juzi. Ilikuwa ya zamani, ya wakati nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama, na nilidhani ilizikwa pamoja na waliyoileta. Kumbe ilikuwa imelala tu.

"Mama," akasema, "lori imekataa."

"Imekataa wapi?"

"Iko Kitengela, kwa garaji. Gia zimekufa. Lakini kuna rafiki yangu ako na giaboksi ingine, imetoka Japani, safi kabisa. Sasa nilikuwa nafikiria..." Akaangalia nje ya dirisha, kule zizini. "Yule mtamba wa Naserian."

Naserian ni binti yake, mjukuu wangu. Huyo mtamba nilimpa mimi, kwa mdomo wangu na mkono wangu. Nilimwambia Lemayian atoke jikoni kwangu aende akanawe. Akaenda, mtu mzima mwenye ndevu, kama mtoto. Mimi nikakaa kwa kiti nikakumbuka, na nyinyi wa umri wangu mtanielewa, kwa sababu sijui ni nani kati yetu hakuona ng'ombe wa nyumba ya mama yake akiondoka ili kitu cha baba kitembee.

Baba yangu alikuwa na lori. Siku hizi malori yamejaa barabara ya Namanga mpaka huwezi kuvuka na mbuzi wako, lakini wakati huo, kutoka Kajiado kwenda Bissil, Mmaasai mwenye lori yake mwenyewe ulikuwa unamtaja kwa jina. Ilikuwa ya kijani, pua ndefu, mbao za nyuma zimelambwa na ng'ombe mpaka zimekuwa laini kama kibuyu. Ilibeba ng'ombe wa watu kupeleka sokoni. Ilikuwa inanuka mavi, dizeli na jasho la wanyama wanaoogopa, na mimi niliipenda hiyo harufu kuliko ya maziwa. Baba akitoka safari, tulikuwa tunaisikia kabla ya kuiona. Tulijua kwa sauti ya gia kama amefika kwenye kile kilima kidogo cha kwetu, na Yeyo, mama yangu, alikuwa anaweka chai motoni kwa kusikiliza tu.

Na mimi nilikuwa na mali yangu. Msicheke. Nyanya yangu, mama yake baba, tulimwita Koko kama kila mtoto wa kwetu anavyomwita nyanya yake, alinipa ndama jike, rangi ya kahawia iliyokolea, tukamwita Mugie. Sijui kama vijana wa siku hizi wanajua hii desturi, kwa hivyo naisema. Kwetu mtu akikupa ndama, yeye na wewe hamwitani tena kwa majina. Mnaitana Paashe. Yeye ni Paashe kwako, wewe ni Paashe kwake, mpaka mmoja azikwe. Hebu fikiria mtoto wa kike asiyefika kiunoni mwa mtu, anasimama mbele ya nyumba na mwanamke mzee anayeogopwa na wanaume anamwita, "Paashe, kuja unishike mkono." Nilikuwa natembea kifua mbele kama chifu. Mugie alikua akawa mtamba, akawa karibu kupandwa, na Koko alikuwa ameniambia maziwa ya kwanza ya Mugie nitakamua mimi mwenyewe, si mtu mwingine.

Sasa giaboksi. Lori ilianza kwa kutupa gia ya tatu. Baba anaiweka, inaruka, anaiweka, inaruka, mpaka ikabidi aishikilie kwa goti akiendesha. Halafu siku moja tukaisikia ikija kwenye kilima chetu ikipiga kelele kama mawe ndani ya debe, na hapo chini ya kilima ikanyamaza. Watu waliisukuma mpaka kwa boma letu. Baba akatuma neno kwa Njoroge, fundi wa Kajiado mjini, na Njoroge akaja amebebwa nyuma ya lori ya mchanga, amekalia gunia la spana kama kuku anayelalia mayai.

Njoroge alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa mfupi, mdomo wake haukuwa na breki, alitukana nati, alitukana jua, alitukana yule aliyetengeneza lori, na mbwa wetu pia alipata yake. Aliingia chini ya lori, akafungua, akashusha ile giaboksi na kamba na gogo, wanaume watatu wakisaidia. Kisha akafungua kifuniko chake mbele yetu sote na akalaza vyuma vyake juu ya kipande cha mabati, kimoja kimoja, kwa mpangilio, vile mwanamke analaza shanga kabla ya kuzitunga. Mimi nilichuchumaa hapo nikashangaa. Sikuwa najua ndani ya chuma kuna vitu vingi hivyo, vinameremeta, vina meno.

"Ona," Njoroge akamwambia baba. "Hii moja imevunjika meno. Na hii beringi imekula mwenzake. Zile zingine zote ni nzima, zitatuzika sisi. Nipe muda nitafute hii gia na beringi Nairobi. Narudisha, unaendesha mpaka ndevu zako zigeuke rangi."

"Muda gani?"

"Mpaka nipate. Mimi sizai vyuma."

Hapo ndipo baba aliposhindwa. Kiangazi kilikuwa kimeingia, nyasi zimeisha, kila mtu anataka ng'ombe wake wafike sokoni kabla hawajakonda, na kila siku lori ya mtu mwingine ilikuwa inapita pale barabarani imejaa, vumbi linatujia sisi tuliosimama. Baba alikuwa anaikodolea ile lori ya kupita vile mwanaume anamtazama mke wake akicheka na jirani. Lakini alikubali kungoja. Alichukua tindo na nyundo, akachonga kwenye tumbo la giaboksi ile alama yake anayoweka ng'ombe wake, mstari na nusu duara, ili wasije wakaibadilisha mjini. Baba aliweka hiyo alama kwa kila kitu, hata jembe, hata debe la maji. Yeyo aliona akichonga na akatabasamu, kwa sababu mtu haweki alama kwenye kitu anachotaka kutupa.

Halafu akaja Parsaloi.

Nikisema hilo jina hata leo mate yanakuwa machungu. Parsaloi alikuwa rika ya baba. Walitahiriwa wakati mmoja, walinyolewa siku moja, walikula nyama pamoja msituni. Na kwetu rika ya baba yako ni baba yako pia. Ukimwona unainamisha kichwa, anaweka kiganja juu yake, na unamwita Papa. Kwa hivyo nilimwinamishia. Shuka yake ilikuwa safi sana, fimbo yake imepakwa mafuta, na kiganja chake kilikuwa laini. Laiti ningejua wakati huo. Mwanaume wa kwetu mwenye kiganja laini anakula mahali hujui.

Alikuwa dalali wa ng'ombe, na pia alikuwa na lori yake, mbovu kuliko yetu. Alikaa akanywa chai ya Yeyo, akaangalia vile vyuma kwenye mabati, akatikisa kichwa.

"Umefanya nini, mwenzangu? Umeachia huyu mtu akuchinjie lori?"

"Anatengeneza," baba akasema.

"Anatengeneza! Kitu kikishafunguliwa namna hii hakirudi. Hawa watu wa mlimani wakishika kitu chako, kinazeekea mkononi mwao."

Njoroge alikuwa chini ya lori. Alitoa kichwa. "Na wewe ukishika cha mwenzako kinapotea kabisa."

"Nani ameongea?" Parsaloi akauliza hewa.

"Mimi nakula kwa mkono," Njoroge akasema. "Wewe unakula kwa mdomo. Ndiyo maana mdomo wako haupumziki."

Baba angecheka siku nyingine. Siku hiyo hakucheka, kwa sababu mgeni ametukanwa nyumbani kwake. Parsaloi akaona nafasi. Akasema ako na giaboksi nzima, imetolewa kwa lori iliyopata ajali ikiwa bado mpya, iko Nairobi, ataileta mpaka hapa mlangoni. Yeye hataki faida, ni rika. Anataka tu ng'ombe mmoja mzuri wa kumpa mwenye giaboksi, na hii takataka iliyo kwa mabati ataibeba aende akaitupe. Akageuza macho polepole, akayapeleka zizini, na yakatua kwa Mugie. Niliyaona yakitua.

Yeyo naye aliyaona. "Huyo ni wa mtoto," akasema. "Na ni wa nyumba yangu."

"Hatujasema kitu," baba akasema.

"Naona. Nami nasema kabla hamjasema."

Usiku mmoja ulipita. Asubuhi baba alimwambia Njoroge akusanye spana zake. Njoroge hakupiga kelele, jambo ambalo lilinishtua kuliko kelele. Alifunga gunia lake, akafika mlangoni, akageuka. "Mwenye hii boma," akasema, "wewe ni mtu wa ng'ombe. Hiyo kitu ikija, ifungue mdomo kwanza."

Nataka mwelewe hii. Baba yangu alikuwa bingwa wa kufungua mdomo wa ng'ombe. Wanaume walikuwa wanamwita sokoni kutoka mbali aje awaangalilie. Anashika pua, anainua mdomo, anapitisha kidole juu ya meno, na anakwambia umri, na magonjwa aliyopitia, na kama mwenye kuuza ni mwongo. Hakuna mtu aliyewahi kumuuzia baba ng'ombe bila kufunguliwa mdomo. Hakuna, isipokuwa mtu mmoja wa aina moja. Kitu kinachotoka kwa rika yako hukifungui. Ukikifungua umemwita mwizi, na ukimwita mwizi umekata kitu ambacho hakiungiki. Parsaloi alijua hivyo, na ndiyo sababu alitujia sisi, akaacha wenye malori wote kutoka hapa mpaka Illasit.

Walimchukua Mugie wakati Yeyo ameenda na punda kuchota maji. Nawaambia hivyo makusudi. Hawakungoja arudi. Ng'ombe wa nyumba ya mwanamke hauzwi bila neno lake, na kila mwanaume anajua, kwa hivyo walingoja neno liwe mtoni. Mimi nilidhani wanampeleka kupandwa. Nilidhani ndiyo siku yake imefika, nikafurahi, nikakimbia nyuma yao nikimpiga Mugie makofi ya mgongo nikimwambia arudi na ndama jike. Parsaloi aliniangalia akacheka. Koko ndiye alisimama kwenye lango na fimbo yake imelazwa mbele, njia imefungwa.

"Unampeleka wapi ng'ombe wa Paashe wangu?"

"Mama, nitalipa wengine. Lori ikitembea nitalipa wengine."

"Sikuuliza utalipa nini. Nimeuliza unampeleka wapi."

Baba alishika fimbo ya mama yake kwa vidole viwili, akaiondoa njiani taratibu, kama mtu anaondoa mwiba. Hakumsukuma. Ningependa kusema alimsukuma, ingekuwa rahisi kumchukia. Alifanya kwa heshima, na heshima hiyo bado inaniuma.

Giaboksi ilikuja imefungwa kwa magunia. Ilikuwa kubwa, imesuguliwa, imepakwa rangi ya fedha mpaka ukiitazama kwa jua unafumba jicho. Wanaume waliizunguka wakiisifu kama fahali wa maonyesho. Kisha wakaingia kivulini kunywa chai, na mimi nikaambiwa nifukuze wanambuzi wasiipande. Nikabaki nayo peke yangu.

Ubavuni ilikuwa na nati ya mahali pa kumimina mafuta, na nati hiyo ilikuwa imelegea. Mtoto na tundu mnajua. Nilizungusha, ikatoka, nikaingiza kidole. Nilitegemea mafuta. Kidole kilirudi kimefunikwa na kitu kizito kama uji wa mgonjwa, kina chembechembe, na harufu ya mafuta ya gia ilikuwepo lakini ndani yake kulikuwa na harufu nyingine, tamu, kama mbao za kanisa letu lilipokuwa linajengwa. Nikachunguza zile chembe. Nikazijua. Mwaka wa ukame Yeyo alikuwa analisha ndama dhaifu pumba zilizoloweshwa maji, na zilikuwa hivi hivi. Nikaelewa kila kitu. Hii giaboksi ilikuwa bado changa, imetoka safari ndefu, na wenyewe kwa huruma yao wameilisha pumba. Roho yangu ikalainika hata kwa Parsaloi. Mtu anayelisha chuma, nikafikiri, atamlisha na Mugie.

Nikakimbia kivulini kidole kikiwa juu. "Papa! Papa! Giaboksi imelishwa pumba! Imeshiba!"

Walicheka. Mungu wangu, walicheka mpaka chai ikamwagika. Baba alifuta macho. Parsaloi alicheka kuliko wote, akaniita, nikamwinamishia kichwa na akaweka kile kiganja chake, akanipa peremende. "Huyu ataolewa na fundi!" akasema. Kisha akainuka, bado anacheka, akatoa spana mfukoni mwa koti lake, akaenda mpaka kwa giaboksi, akarudisha ile nati na kuikaza. Wale wengine walicheka wakasahau. Yeye alicheka huku anakaza.

Yeyo peke yake hakucheka. Alinivuta, akafuta kidole changu kwa ncha ya leso yake, akainusa ile leso. Akainusa tena.

"Hii si pumba," akasema. "Baba ya watoto, ng'ombe unamfungua mdomo. Hii umeifungua?"

"Hiyo imetoka kwa mwenzangu."

"Nimeuliza umeifungua?"

"Leta chai," baba akasema. Na wale wanaume wakaangalia vikombe vyao.

Hapo ndipo hasira yangu inaishi. Haiishi kwa mwizi. Mwizi ni mwizi, fisi hukasirikii meno yake. Inaishi kwa wale waliokaa kivulini. Ukweli ulikuja mbio ukiwa kwenye kidole cha mtoto, ukasimama katikati yao, ukasema kwa sauti. Mwanamke mwenye akili akaunusa na kuuthibitisha. Na wanaume wazima, watu wa mali, watu wa kuamua kesi za wengine, wakaagiza chai.

Lori ilitembea kimya. Hiyo ni kweli, kimya kama paka, na baba alikuwa anapita mbele ya nyumba akipiga honi ili tusikie vile haisikiki. Unga wa mbao ukiutia kwenye gia zilizoisha unafanya hivyo, unajaza nafasi, unameza kelele. Halafu unaungua. Ilipopandisha na ng'ombe wa watu kutoka Bissil, jua la mchana, ilikwama mlimani na haikwenda mbele wala nyuma. Ng'ombe walisimama ndani yake mpaka jioni bila maji. Waliposhushwa, wengine hawakuinuka. Walikuwa wa majirani, watu tuliosali nao kanisa moja.

Njoroge aliitwa. Alikuja, sijui kwa nini alikuja, mimi nisingekuja. Aliifungua, akachota kwa mkono tope jeusi, akalishika mbele ya uso wa baba. Hakutukana kitu hata kimoja. "Mbao," akasema tu. Mimi nilikuwa nimeshika shuka ya baba, na bado nilikuwa mjinga. Nikamvuta nikamwambia, "Papa, imevimbiwa. Wameilisha sana." Baba alinitazama, na nikaona uso wake ukibomoka kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua. Wakati huo ndipo aliponisikia mara ya kwanza.

Mtauliza alifanya nini. Hakufanya kitu. Wazee walimwambia aseme, waite kikao, Parsaloi alipe ng'ombe kwa ng'ombe. Baba alikataa. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu kusema rika yake alimuuzia unga wa mbao. Aliwalipa majirani kutoka zizi letu mpaka zizi likawa na mwangwi, na jina la Parsaloi halikutoka mdomoni mwake. Na Parsaloi alikuwa anapita. Lori yake ile mbovu ilikuwa imepona ghafla. Ilikuwa inapanda kilima chetu bila kuhema, na Yeyo akiisikia alikuwa anasimama, mkono ukiwa ndani ya unga, kwa sababu aliijua ile sauti. Ni Njoroge aliyetuambia baadaye. Parsaloi alikuwa amempelekea lori yake kwa mambo ya breki, Njoroge akaingia chini, na pale juu ya tumbo la giaboksi akakuta mstari na nusu duara. Gia moja mpya na beringi. Zingine zote nzima, vile alivyosema.

Koko ndiye pekee aliyepigana, na alipigana na neno moja. Mugie alikuwa ameenda, kwa hivyo wengine walidhani lile jina nalo limeenda. Koko alianza kuniita zaidi. Kila baba akikaa kula, sauti ya Koko ilitoka nje: "Paashe! Paashe wangu, kuja!" Wageni wakija: "Mnamwona huyu? Ni Paashe wangu." Baba alikuwa anaacha kutafuna. Mimi nilidhani Koko anamwita ng'ombe. Nilidhani akiita kwa nguvu ya kutosha Mugie atasikia huko aliko na kurudi, na nilikuwa napanda kichuguu kumtazamia. Koko aliniita hivyo mpaka siku alipolala hakuamka. Lori ilibaki pale kwa boma, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Basi Jumamosi nilivaa viatu vyangu vya kanisa, nikamshika Naserian mkono, nikamwambia Lemayian atupeleke Kitengela. Alikuwa na wasiwasi njia yote.

"Mama, hii si kitu ya wamama."

"Na mtamba ni kitu ya nani?"

Akakaza macho barabarani.

Garaji iko nyuma ya magorofa, pale ambapo zamani tulikuwa tunalisha na hakukuwa na hata choo. Nilimwambia fundi anionyeshe ile ya zamani kwanza. Mimi sikwenda pale kusema tengeneza, wala nunua. Nilitaka kuona. Akanionyesha, kijana mzuri, akapitisha kucha yangu mimi juu ya ufa uliopasua chuma chenyewe kutoka juu mpaka chini. Nikakubali, hiyo imekufa. Halafu akaja rafiki wa Lemayian, mwenye viatu vyeupe, na giaboksi yake kwa pikapu, inang'aa.

"Fungua," nikasema.

"Shosho, hii ni ya Japani. Imekuja ikiwa imefungwa hivyo."

"Basi itafunguliwa hapa. Fungua."

Akamwangalia Lemayian. "Boss, si unanijua? Tumesoma pamoja. Kwani mamako ananiona mwizi?"

Na nikamwona mwanangu, ndevu na yote, akianza kuinamisha macho. Nikaona uso wa baba yangu ukija juu ya uso wake kama kivuli cha wingu.

"Lemayian," nikasema, "mtamba hauzwi. Utauza pikipiki yako. Na kama unaona haya kufungua kitu cha rafiki yako, mimi sina haya. Ilinitoka kabla hujazaliwa. Fundi, lete spana."

Fundi alileta. Nati ikalia, ikatoka. Yule wa viatu vyeupe alikuwa anacheka kile kicheko cha kando, na wenzake wawili wakaanza kumsaidia kucheka. Nikamwambia Naserian aingize kidole. Akaingiza mpaka mwisho, akakitoa, akakiinua kwenye mwanga, akakunja uso.

"Aaai, huyu mtoto ni mekanika sasa?" mmoja akasema.

"Nyamaza," nikamwambia. "Nyamazeni nyote. Mtoto hajasema."

Wakanyamaza. Hata yule wa kuchomelea vyuma kule nyuma alizima mashine yake. Wanaume wazima walisimama kwa jua wakimngoja msichana mdogo, na yeye hakuharakisha. Alinusa kidole. Alisugua yale mafuta kwa kidole gumba, polepole, akitafuta chembe. Alinusa tena.

"Ni mafuta tu, Paashe," akasema.

Yule kijana alinitazama akingoja nimwombe msamaha. Bado anangoja.